Chumvi ya Ng'ombe, Chumvi ya Shamba

Harufu ya sukuma wiki iliyofungwa mbichi kwenye mfuko wa nailoni, ikasahauliwa juani siku mbili: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, na sijui kama kuna mtu mwingine anayeweza kusema hivyo. Wenzangu wakianza kusimulia habari za utotoni hutaja moshi wa kuni, mvua ya kwanza, mahindi ya kuchoma. Mimi nililelewa ukingoni mwa Ziwa Naivasha, katika shamba la mzungu, miaka ile ya Hali ya Hatari, na harufu iliyonibakia puani ni ya maji yaliyogeuka kijani. Nikifungua mfuko wa mboga uliokaa sana jikoni kwangu hapa Nakuru, huacha kila kitu nikatoka nje na kusimama mlangoni. Wajukuu wangu wameshazoea. Wanasema nyanya amegombana na mboga tena.

Wazazi wangu walitoka Maragoli, tukaja kwa gari moshi nikiwa na miaka mitano. Wafanyakazi wengi wa shamba lile walikuwa wamekamatwa na kurudishwa kwao, na wenye mashamba wakatafuta mikono mingine upande wa magharibi. Hakuna aliyetueleza kwamba nyumba tuliyopewa ilikuwa na wenyewe. Mama alikuta mwiko na kinu nyuma ya mlango, akavisugua kwa majivu, akavitumia, lakini kila alipovishika nilimsikia akinong'ona sala fupi. Baba aliandikwa kazi ya kukata mafunjo.

Asiyeyaona mafunjo ya wakati ule hawezi kuelewa nilichopoteza, na aliyeyaona hahitaji kuelezwa. Yalisimama ndani ya maji tangu ukingoni hadi mbali, marefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, na vichwa vyake vilitimka kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Upepo wa alasiri ulipoingia humo ulitoa sauti kama ya watu wengi wanaosali kimyakimya kanisani. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka kutoka mashambani yakiwa mekundu ya udongo, yakaingia kwenye mafunjo, na yalipotokea upande wa pili yalikuwa meupe kabisa. Tulichota maji mahali hapo, na ukisimama humo hadi magotini uliweza kuhesabu vidole vyako vya miguu. Nilidhani maji ya ziwa lolote duniani yako hivyo.

Mafunjo yalikatwa kwa sababu mbili. Serikali ilisema watu wa msituni wanajificha humo, na bwana mwenye shamba aliutaka ule udongo mweusi uliokuwa chini yake ili apande majani ya kulisha ng'ombe wake wa maziwa. Baba na wenzake waliingia majini na mapanga msimu mmoja mzima, wakakata, wakakokota, wakachoma. Ghuba yetu ndogo ikabaki uchi. Kisha wakachimba mfereji kutoka kwenye shamba jipya hadi ziwani ili maji ya ziada yasiozeshe mizizi. Baba alijivunia sana mfereji ule, kwa maana ulinyooka kama uliopigwa rula, na Jumapili baada ya ibada alipenda kuwapeleka wageni wauone. Watu waliendelea kuiita ghuba ile Kwa Mafunjo, ingawa hapakuwa na funjo hata moja.

Msimu uliofuata lori lilileta kutoka stesheni magunia ya kitu cheupe, chembechembe, ambacho hatukuwa tumewahi kukiona. Bwana alikiita kwa jina la Kizungu ambalo lilitushinda ulimi. Nyapara, mtu mrefu mwenye koti la jeshi, akatufupishia maneno: "Hii ni chumvi ya shamba. Majani nayo inataka chumvi, kama vile ng'ombe." Tuliridhika. Ng'ombe wa bwana walikuwa na chumvi yao ya kulamba, nayo nyeupe, nayo chembechembe, na ilikaa katika stoo hiyohiyo. Basi shamba zima likawa na chumvi ya ng'ombe na chumvi ya shamba, na mtu aliyekuwa na haraka alisema chumvi tu.

Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Mzee Musa, ambaye kila mtu alimwita Musa Stoo. Alikuwa wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo mimi nilimwita mjomba, naye mama alimwita ndugu yangu. Ndiye aliyetupeleka kwa nyapara siku tuliyofika, akatuazima sufuria na blanketi. Alikuwa mfupi, mwenye meno mapana na kicheko cha polepole, na hakujua kusoma. Magunia aliyatenganisha kwa kamba: ya ng'ombe aliyatia fundo moja, ya shamba mafundo mawili. Na kabla ya kumpimia mtu chochote alitia kidole mdomoni, akachovya, akaonja, akatema pembeni. Sisi watoto tulimwiga tukicheza duka.

Magunia ya chumvi ya shamba yalikuwa ya kitambaa cha pamba, kizuri kuliko nguo nyingi tulizokuwa nazo. Yakiisha yalitakiwa kurudishwa stesheni, lakini yaliyotoboka Musa aliwagawia akina mama. Waliyafua Kwa Mafunjo, karibu na mdomo wa mfereji, wakayashona mashuka na nguo za watoto. Nakumbuka chembe nyeupe zikidondoka kutoka kwenye mishono na kuyeyuka majini, na sisi tukizikanyaga kwa furaha. Hatukuwa na habari.

Sijui siku hasa ambayo maji yalianza kubadilika. Kwanza palikuwa na rangi kidogo pembeni, kama majani ya chai yaliyochujwa mara ya tatu. Halafu, jua la Januari lilipokaza, ukatanda utando wa kijani kibichi uliosukumwa na upepo hadi ukingoni, mzito, unaong'aa kama rangi iliyomwagika. Baba alifurahi. Alisema ziwa limeshiba, limeanza kuota majani lenyewe bila kupandwa. Wanaume wengi walisema hivyo, kwa sababu mtu wa shamba akiona kijani hafikirii mabaya. Sisi watoto tuliandika majina yetu kwenye utando kwa vijiti na kuyatazama yakijifunga. Mama peke yake ndiye aliyelikunjia uso. "Maji yamevaa nguo," alisema. "Maji ya kunywa hayavai nguo. Usichote hapo, na Kahawa asinywe hapo. Umesikia?" Nilisikia.

Kahawa alikuwa ng'ombe wetu. Alizaliwa katika zizi la bwana akiwa dhaifu, miguu imepinda, na bwana akasema asipotezewe maziwa. Mama akamwomba, akapewa. Alimlea kwa kumnyonyesha vidole vilivyochovywa kwenye uji, akamlaza jikoni kwetu, akamnyoosha miguu kwa maji ya moto kila jioni. Yule ndama aliyetupwa akawa ng'ombe wa rangi ya kahawa yenye maziwa, mpole kupita kiasi. Alizaa mara moja, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Yohana mama alipougua na kukaukiwa. Mama hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukiita chake. Aliniambia siku moja tutarudi Maragoli, na Kahawa atapanda gari moshi pamoja nasi, na watu watatoka nje ya nyumba zao kumwangalia.

Kazi yangu asubuhi kabla ya shule, na siku nzima ya Jumamosi, ilikuwa kumpeleka Kahawa kunywa maji. Mahali pake palikuwa kwenye tangi la saruji chini ya pampu ya upepo, mwendo mrefu, na njiani kulikuwa na lango lenye askari waliopenda kutuuliza maswali. Jumamosi ninayoisimulia nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na haraka, kwa sababu Ijumaa iliyotangulia mjomba Musa alikuwa amenipa gunia langu mwenyewe. Si la mama, langu. "Mwambie mama akushonee rinda ya Pasaka," alisema. Lilikuwa na maandishi mekundu mgongoni, na nilitaka kuyasugua hadi yatoke kabla mtu mwingine hajaniwahi mahali pazuri pa kufulia.

Jumamosi asubuhi mama alipita stoo, Musa akampa konzi ya chumvi ya ng'ombe kama alivyozoea. Alimpa Kahawa akailamba yote kwenye kipande cha kibuyu. Chumvi huleta kiu, hilo kila mtoto wa mfugaji analijua. Nikatoka na Kahawa, gunia langu kichwani, na kwenye njia panda sikukata kushoto kwenda kwenye tangi. Nilishuka Kwa Mafunjo. Nilijiambia nitafua haraka, kisha nitampeleka kwenye tangi tukirudi. Niliinama, nikasugua yale maandishi kwa mchanga, nikasugua, nikasugua, na nyuma yangu nikasikia ng'ombe akinywa. Anayemjua ng'ombe mwenye kiu anaijua sauti ile. Niligeuka nikamwona amezamisha pua ndani ya utando, midomo yake ni ya kijani, na anafurahi. Nilimwacha anywe. Nilifikiri, basi, hakuna haja tena ya kwenda kwenye tangi.

Mchana Kahawa alianza kutetemeka. Alitembea kama amelewa, akagonga nguzo ya zizi, akapiga magoti, akalala ubavu. Mama alimshika kichwa mapajani, akamfuta mate, akamwimbia wimbo aliomwimbia alipokuwa ndama. Kabla ya saa ya kukamua alikuwa amekufa. Nilimfuta midomo mimi mwenyewe, kwa upindo wa gauni langu, mama alipokwenda kumwita baba. Jambo hilo sikuliwazia. Mkono wangu ulilifanya tu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mtu wa kuficha.

Watu wakajaa. Nyapara alikuja na fimbo yake, akazunguka mzoga.

"Hii ng'ombe imekula nini leo?" aliuliza.

"Majani tu," mama alisema. "Na chumvi."

"Chumvi gani?"

 Nadhani kabla ya swali hilo mama hakuwa amewaza chochote. "Chumvi ya Musa," akasema.

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa akiona yale magunia, yote meupe, yaliyosimama bega kwa bega katika stoo moja, na mzee asiyejua kusoma katikati yake. Wakamwita. Alikuja akijifuta mikono, akamwona Kahawa, akavua kofia.

"Mimi sikukosea," alisema walipomweleza. "Nilionja. Ya ng'ombe iko na fundo moja, ya shamba mbili. Nilionja na hii ulimi yangu."

"Ulimi inazeeka, mzee," nyapara alisema.

Wengine walicheka. Musa hakucheka. Aligeuka akanitazama, na akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifikiria. "Na huyu mtoto, alimpeleka wapi kunywa?"

Mama akasema, "Jibu mjomba wako."

"Kwa tangi," nilisema.

Gunia langu lilikuwa limeanikwa kwenye ua, hatua chache kutoka pale alipokuwa amesimama. Lilikuwa limeshika utando pembeni, na pindo lake lilikuwa la kijani kama la kuchovywa. Musa alilitazama. Akanitazama tena mimi, kwa muda, kisha akavaa kofia yake na hakusema neno lingine. Nimeishi miaka mingi na kimya kile bila kujua kilikuwa cha nini. Pengine alinihurumia kwa kuwa mtoto wa dada yake. Pengine aliona kwamba akilitaja gunia itabidi aeleze kwa nini anagawa mali ya bwana. Ningependa kuamini la kwanza, na kwa sababu ningependa, siliamini sana.

Jumatatu alifukuzwa kazi, kwa kuiba chumvi ya bwana na kwa uzembe, na kipande chake, kile cheti ambacho kila mfanyakazi alilazimishwa kutembea nacho, kikaandikwa maneno ambayo hayangemsaidia kwa mwajiri mwingine yeyote. Alipita kwetu na sanduku lake la mbao kuaga. Alisimama mlangoni akaita, "Dada." Mama alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda, na Yohana analia kwa njaa mgongoni mwake. Hakuitika. Musa aliita mara ya pili, akasubiri, kisha akaenda kupanda lori. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimelikumbatia lile gunia lililokauka, na ningeweza kukimbia hadi barabarani nikasema maneno matatu tu. Nilihesabu miti ya pembeni lori likiipita, mti mmoja, mti wa pili, hadi nilipoona ni vumbi tu.

Mama alilishona rinda, kwa kuwa kitambaa ni kitambaa. Maandishi hayakutoka. Pasaka nilikwenda kanisani na herufi nyekundu mgongoni, na wenzangu wakanipa jina ambalo sikuliacha hadi nilipoondoka kwenda shule ya bweni. Waliniita Chumvi. Kila walipoliita nilitazama chini, na watu wakanisifu kwa unyenyekevu.

Nikawa mwalimu. Miaka ilipita, nchi ikawa yetu, mashamba yakagawanywa na mengine yakauzwa na kuuzwa tena, na karibu na wakati wangu wa kustaafu nilikuwa nafundisha shule moja si mbali na ziwa. Siku moja chifu aliitisha baraza, kwa sababu ng'ombe wa watu walikuwa wakifa ukingoni na maji yalikuwa ya kijani hadi mbali. Watu walikuja wamekasirika. Wa juu walilaumu wa chini, wenye mashamba ya maua wakalaumu mji na vyoo vyake, na wote kwa pamoja wakamgeukia mama mmoja anayefua nguo za watu ziwani, kana kwamba sabuni yake ndiyo iliyoharibu ziwa zima. Kijana wa idara ya maji alisimama na kutuliza watu. Alieleza kwamba yale si majani bali mwani, vitu vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, vinavyoshiba mbolea inayoteremka kutoka mashambani. Zamani mafunjo yaliichuja na kuila yenyewe, akasema. Yalipokatwa, na mbolea ikaanza kuletwa, ziwa halikuwa na wa kulilinda. Akasema mwani mwingine una sumu, na ng'ombe akiunywa anatetemeka, anaanguka, anakufa siku hiyohiyo.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Hii ilianza lini?"

"Kitambo sana, mathe," alijibu kwa upole. "Kabla mimi nizaliwe. Pengine wakati wa wazungu, walipoanza kulima hadi kwa maji."

Nilikaa chini. Hadi siku ile nilikuwa na mahali pa kujificha. Nilikuwa nikijiambia, huenda kweli ilikuwa chumvi, huenda mzee alionja vibaya, mtoto angejuaje? Kijana yule aliyeninyang'anya maficho hayo hakujua alichofanya. Na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba watu wa shamba letu hawakuwa wamekosea neno. Ni chumvi ya shamba iliyomuua Kahawa. Ila haikutoka mkononi mwa Musa. Ilipita kwenye mfereji wa baba yangu ulionyooka, ikapita kwenye magunia tuliyofua sisi, ikangoja Kwa Mafunjo hadi nilipomleta mwenyewe. Pale barazani wale watu waliendelea kumzomea yule mama mwenye ndoo ya nguo, na mimi, mwalimu wao niliyeheshimika, sikusimama tena.

Jioni hiyo nilipanda gari hadi Nakuru, ambako mama alikuwa akiishi na mdogo wangu Yohana. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilimkuta kibarazani anachambua maharagwe kwenye ungo, macho yamefifia, anatumia vidole zaidi. Nilimweleza habari za baraza, za maji, za ng'ombe wa watu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Unanikumbusha Kahawa."

"Ndiyo, Mama."

"Na Musa." Alitupa jiwe moja uani. "Nimemsamehe yule mtu. Imenichukua maisha yangu yote, lakini mwaka huu nimeweza. Nilimwambia Mungu, sasa nimemaliza. Nalala vizuri."

Uso wake ulikuwa umetulia kweli, uso wa mtu aliyetua mzigo. Ningemwambia, ningemrudishia mzigo ule na kumwongezea mwingine: mlango ambao hakuufungua, ndugu yake aliyeita mara mbili. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua maharagwe. Alikufa mvua za mwaka huo, akiamini amemsamehe mtu aliyemkosea, na mtu aliyemkosea ndiye aliyeshika mkono wake.

Mwezi uliopita nilimwomba mjukuu wangu anipeleke ziwani. Maji yamepanda siku hizi, yamemeza hata ile barabara ya lori, na juu ya vilima mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria ulisimama mweupe mahali ambapo zamani palikuwa na anga tu. Kwa Mafunjo pamefunikwa, lakini ukingo mpya nao una utando uleule, na harufu ileile. Nilivua viatu nikaingia hadi vifundoni. Nikatazama chini, na vidole vyangu sikuviona. Mjukuu aliniuliza, kwa Kiswahili chao cha haraka, "Nyanya, nani alispoil hii maji?" Alitaka mtu mmoja, kama sote tulivyotaka siku ile.

Nilitaka kumjibu kwa hotuba ya mwalimu. Badala yake nililikumbuka swali lililotangulia la kwake, lililoulizwa na mzee aliyevua kofia mbele ya ng'ombe wa dada yake, ambalo nililijibu kwa uongo nikiwa na miaka kumi na sijalijibu tena tangu hapo. Alimpeleka wapi kunywa?

Kwa Mafunjo, mjomba. Nilimpeleka Kwa Mafunjo.